Mkanda wa Uzi Mwekundu

Mama Viti humpati kwa kumtafuta barabarani. Unaingia kwenye safu ya magereji, unampita fundi betri, unampita fundi bodi na nyundo zake, unafika mwisho kabisa kwenye banda la mabati lenye turubai badala ya mlango. Ndani kunanuka gundi tangu asubuhi. Cherehani kubwa ya kushonea ngozi iko dirishani, penye mwanga, na katikati kuna meza ndefu ya kukatia, imetandikwa zulia kuukuu ili ngozi ya watu isikwaruzike. Mikasi imening'inia ukutani, mkubwa hadi mdogo, na ole wako uguse mmoja bila kuomba.

Mwenyewe ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili, vidole vimejaa sugu, mdomo hauna breki. Aliwahi kuolewa miaka mitatu, akarudi na cherehani tu. Akiulizwa ilikuwaje, hujibu kwamba alichagua kilicho bora kati ya vile viwili. Kazi yake ni viti vya magari, na hasa magari ya zamani, yale ambayo viti vyake huvipati dukani hata ulie.

Kabla hajagusa kiti chako, lazima akuhubirie kwanza. "Kaka yangu," alikuwa akianza, pini zikiwa kwenye kona ya mdomo, "nilimshonea mkanda kwa mikono hii. Mkanda mzuri, uzi mwekundu, mshono wa msalaba. Hakuufunga. Leo yuko wapi?" Mteja alitikisa kichwa, na akitoka pale alifunga mkanda wake hata kabla ya kuwasha gari. Wenye magari ya zamani yasiyo na mikanda walimsikiliza hadi mwisho, na baadhi yao walisema basi na mimi nishonee. Kwa mahubiri hayo alishona mikanda ya magari kumi na moja. Hakuitafuta kazi hiyo, ilikuja yenyewe, na kila ilipokuja ilimpoza moyo kidogo.

Asubuhi moja lilivutwa hadi mbele ya banda lake gari la rangi ya majivu, paa limebonyea upande wa abiria, mlango wa dereva haupo. Aliyeshuka kwenye gari la kuvuta alikuwa binti wa marehemu kaka yake, mpima ardhi, mwanamke wa miaka thelathini mwenye buti za matope na sauti ya baba yake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Hili gari umelitoa wapi?"

"Kule kule lilikolala, nyuma ya uwanja wa fundi bodi. Miaka kumi na sita yatosha. Nataka litembee tena. Fundi bodi amesema hagusi bati mpaka viti vitoke, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza."

Mama Viti alilizunguka gari. Hakuwa ameliona tangu lilipofunikwa turubai. Alipitisha kiganja kwenye kiti cha mbele, akatoa vumbi, na chini yake ngozi ya rangi ya divai ilikuwa bado na uhai. Alivishona mwenyewe viti vile, vyote vinne, na ukingo wa kila kiti aliuzungushia ukanda mwembamba uliojaa, mgumu kama kamba mpya. Hajawahi kushona vizuri kuliko pale, na yeye alijua hivyo.

"Kuna jambo nataka unishauri," binti aliendelea. "Nimekwenda ofisi ya usajili. Gari la umri huu wanaliandika gari la kale. Mikanda wamesema hivi: gari lililotengenezwa kabla ya sheria halilazimiki kuwa nayo. Lakini kama umeiweka, inakaguliwa. Wanaivuta kwa mashine, na isipovumilia unarudishwa nyumbani. Kuna na jingine, kwamba mtoto mdogo hakai kwenye kiti kisicho na mkanda, gari liwe la kale lisiwe la kale. Mimi mtoto sina. Kwa hiyo ni kuchagua tu, niibakishe au niitoe."

"Mikanda yangu uitoe?"

"Nimeuliza tu, shangazi."

"Mashine yao na iivute mpaka ichoke. Uzi wangu haukatiki."

Binti akacheka, akasema haya, wewe fungua viti kwanza, tutaona. Alipokuwa anaondoka aligeuka mlangoni. "Nataka mama apande, hata siku moja. Najua ameapa. Lakini nataka apande."

Mama yake, wifi wa Mama Viti, alikuwa ameapa kweli. Ili uelewe kiapo chenyewe, inabidi umjue kidogo marehemu. Alikuwa msoma mita za maji, mtu mpole, na aliendesha gari polepole kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Taratibu. Waendesha baiskeli walimpita wakimpungia mkono. Gari lile alilinunua kwa daktari mzee aliyekuwa anastaafu, na alilipenda mpaka mkewe akawa analiita mke mwenza.

Sheria ya mikanda ilipotoka, ilisema wazi kwamba magari yaliyoundwa bila mikanda yamesamehewe. Sawa, lakini hiyo ilikuwa sheria ya kwenye makaratasi. Barabarani kila askari alimsimamisha, na Taratibu, mpole yule, alipata starehe mpya maishani. Mkewe alikuwa karani wa masjala. Alimpigia chapa ukurasa wa sheria wenye msamaha ule, naye akauweka kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Askari akisimamisha, ukurasa unatoka. "Afande, gari hili lilizaliwa kabla ya sheria," alikuwa akisema, na alilirudia neno hilo nyumbani wakati wa kula, akijichekea mwenyewe.

Mkewe hakucheka. Alikwenda kwa Mama Viti akasema, "Wifi, mshonee kaka yako mkanda. Mambo ya kusamehewa mimi hayanihusu. Mimi namtaka mzima." Mama Viti akashona, wake na wa abiria. Taratibu akashukuru, akausifia uzi mwekundu, na akaendelea kubishana na mkewe kila asubuhi pale mlangoni, kwa mazoea tu, jinsi wengine wanavyoulizana hali.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Funga mkanda." Taratibu akacheka. "Gari hili lilizaliwa kabla ya sheria." Akaondoa gari. Kwenye njia panda ya tatu lori lililoshindwa kusimama lilimgonga upande wa abiria, gari likabiringika, na yeye akakutwa kwenye majani, hatua kumi kutoka lilipotua. Pale alipokuwa ameketi hapakubonyea hata kidogo. Daktari, ambaye pengine alidhani anafariji, alimwambia mjane kwamba mumewe angebaki ndani ya gari angetoka na mkono uliovunjika. Askari aliyekuja kupima barabara aliandika kwenye fomu, penye nafasi ya mkanda: gari la zamani, halihusiki. Hakuna aliyeangalia zaidi ya hapo.

Msibani mjane alilia siku moja. Siku ya pili alinyamaza, na kimya kile hakijaondoka hadi leo. Picha ya mumewe aliishusha ukutani akaiweka kwenye jalada pamoja na ile fomu, uso ukiangalia chini. Binti yake alipoanza kujifunza kuendesha gari, mama alimwambia, "Usije ukawa mbishi kama baba yako. Alituacha kwa ubishi." Halafu akaongeza kwamba kwenye gari lile yeye hatakanyaga mpaka anaingia kaburini. Na Mama Viti je? Watu walimshika mikono wakamwambia usijilaumu, dada, wewe ulifanya yako, yeye ndiye alikataa. Aliyapokea maneno hayo. Aliyapokea mpaka akayafanya mahubiri.

Siku ile, binti alipokwishaondoka, Mama Viti alichukua spana akaanza na kiti cha dereva. Kilikuwa kimeng'oka upande mmoja kikalala, na bolti zilizobaki zilikuwa na kutu, zikampa kazi hadi saa sita. Hatimaye kikaachia. Alikibeba kwa tumbo, akakitua mezani, akarudi kufagia kilichokuwa chini yake. Palikuwa na kalamu, kofia ya chupa, vumbi la miaka. Palikuwa na mkanda.

Aliuona uzi mwekundu kwanza, akatabasamu. Akauinua. Upande mmoja ulikuwa bado umeshikwa na sakafu, pale katikati. Akauvuta taratibu uje wote, na ukaja, na katikati yake kilikuwapo kile kifungio cha chuma, na ndani ya kifungio ulikuwamo ulimi wake, umeingia hadi mwisho, umekaza.

Mkanda ulikuwa umefungwa.

Wazo la kwanza lilikuwa jepesi, kwamba labda mtu aliufunga baadaye ili usizagae. Lakini nani, na lini, na kiti kimeulalia hivyo? Labda kaka aliufunga akaukalia, kuwazuga askari. Hapo akaangalia ncha ya pili. Ilikuwa na bolti yake, na nati yake, na washa, kile kibati kidogo cha duara kinachokaa chini ya nati, vyote vizima, vikining'inia. Akapiga magoti, akabandua zulia upande wa mlango. Bati la sakafu lilikuwa na tundu, na kingo za tundu zilikuwa zimepinda kwenda juu, zimepasuka, kutu ya zamani imezila. Mkanda uliokaliwa haupasui bati. Bati kama lile linapasuliwa na mwili wa mtu mzima unaorushwa kwa nguvu, mkanda ukiwa kiunoni mwake.

Na karibu na tundu lile, umbali wa shubiri moja kuelekea nyuma, palikuwa na kizibo cha mpira. Alijua kilipo kabla hajakitazama. Alikitoa kwa ukucha. Chini yake palikuwa na shimo lenye meno ya bolti, limechongwa kwenye kipande cha chuma kinene kilichounganishwa na fremu ya gari. Waliolitengeneza gari lile walijua siku moja mikanda itakuja, wakaacha mahali pake.

Aliliona shimo hilo siku ile ya kwanza. Alitia kidole ndani. Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, akauliza si ungeutia hapo tu, naona kama pametengenezwa. Mama Viti akamwambia mkanda ukitokea hapo utapita juu ya ukingo wa kiti, utaulalia ukanda niliouhangaikia wiki mbili, ndani ya mwezi utakunjamana. Taratibu akasema, "Wewe ndiye fundi." Basi akatoboa bati shubiri moja mbele, bati tupu, akatia bolti na washa ya kawaida, akakaza, akafunika na zulia. Ulikaa vizuri sana. Mkanda haukugusa ukingo hata kidogo.

Aliushika mkanda akaugeuza chini juu. Mishono ilikuwa mizima. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Akaketi pale pale kwenye sakafu ya gari, pasipo kiti, miguu nje, na fundi bodi alipopita akamuuliza vipi, mama, umechoka, alimjibu kwamba ndiyo, amechoka.

Simu ya binti ilikuja alasiri. "Shangazi, nimefikiri. Itoe tu hiyo mikanda, tuitupe. Sheria haituulizi, na mimi sitaki mambo ya kuvutwa na mashine. Fundi bodi kesho anaziba matundu yote ya sakafu, atapaka rangi, limekwisha."

Limekwisha. Mama Viti alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Yaani hapakutakiwa hata uongo. Angekata mkanda vipande viwili, angetupa kwenye pipa la mabaki ya sponji, fundi bodi angeyeyusha chuma chake juu ya tundu, na sheria yenyewe ingesimama mlangoni kumlinda: gari la zamani, halihusiki. Angebaki Mama Viti. Kaka yake angebaki mbishi, na yeye yuko chini ya udongo, hasikii kitu.

Alimwambia fundi bodi asubiri. Aliufunga mkanda ndani ya kitambaa, na siku ya pili akautia kwenye kikapu akaenda nao kwa wifi yake, nyumba ya tano kutoka kwake. Wifi alimkaribisha sebuleni kama siku zote. Ni sebule iliyopangwa na karani: magazeti kwa tarehe, dawa kwa saa zake, na juu ya kabati lile jalada la kijani. Walikunywa chai. Wifi akauliza habari za gari, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa adabu tu.

"Binti yako ana mapenzi nalo," Mama Viti akasema.

"Mapenzi ya baba yake hayo. Na yeye alilipenda kuliko sisi." Wifi akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. "Unajua mimi kufa kwake nimeshakukubali? Watu wanakufa. Nisichokiweza ni kile kicheko. Namwambia mtu neno la uzima wake, ananicheka, anaondoka. Miaka kumi na sita namuuliza, ulishindwa nini kuvuta kile kitu mpaka kilie? Sekunde moja. Hatukuwa na thamani ya sekunde moja?"

Mama Viti aliangalia kikapu chake. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba chai ni nzuri. Alirudi nyumbani na mkanda wake ndani ya kitambaa, na alijichukia njia nzima, si kwa mafumbo, alijichukia waziwazi, akihesabu nyumba.

Kilichomshinda kilikuwa kazi yenyewe. Kesho yake alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa siku nyingi, na gari lake la zamani, kiti kimechanika, na Mama Viti, pini mdomoni, akaanza kama kawaida. "Kaka yangu nilimshonea mkanda kwa mikono hii..." Akasimama. Mwalimu akangoja. "Ehe?" akasema. Mama Viti akazitema pini mkononi moja moja, akamwambia samahani, mwalimu, leo nimefunga. Jua lilikuwa juu, turubai limeinuliwa, cherehani inawaka. Mwalimu aliondoka akijiuliza.

Akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Hakuketi. "Wifi, twende bandani kwangu. Kuna kitu lazima ukione, na mimi siwezi kukueleza hapa."

"Kule kwenye gari?"

"Kule kwenye gari."

"Unajua nilivyosema."

"Najua. Twende hivyo hivyo. Ukishaona, uamue utakavyo, hata usinisalimie tena."

Wifi alimtazama muda mrefu. Wamefahamiana miaka thelathini na minne, na hajawahi kumwona Mama Viti akikosa maneno. Akachukua miwani yake na mkoba, akafunga mlango, wakaenda.

Pale bandani Mama Viti hakuzunguka. Alimpa mkanda mkononi. "Huu ndio wa kwake. Ulikuwa chini ya kiti. Hivyo unavyouona ndivyo nilivyoukuta, kifungio sijakigusa." Kisha akamwonyesha tundu, na kingo zilivyopinda kwenda juu, na bolti iliyong'oka nzima. Akamweleza maana yake, polepole, bila kujipunguzia. "Aliufunga, wifi. Mkanda ndio haukumshika. Nilitoboa bati tupu. Kosa ni langu."

Wifi alivaa miwani. Aliukagua mkanda kama anavyokagua karatasi, toka ncha hadi ncha. Akagusa ulimi, akajaribu kuuvuta bila kubonyeza, ukagoma. Akainama kwenye gari lile aliloapa, akatia mkono ndani, akapitisha kidole kwenye kingo za bati. Alipoinuka mkono ulikuwa na kutu, naye hakuufuta.

"Alifunga," akasema.

"Alifunga."

"Alinicheka pale mlangoni, halafu akaenda akafunga." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha Mama Viti. "Labda kila siku alikuwa anafunga. Akishakata kona. Ili nisimwone." Akakaa kwenye kigoda cha cherehani, mkanda mapajani. "Nimemlaza mtu yule kifudifudi ndani ya jalada miaka kumi na sita. Nimemfundisha mtoto wake amdharau."

"Wifi, nilikosea mimi. Nataka unisikie..."

"Nimekusikia." Wifi aliinua mkono, si kwa hasira. "Wewe bado sijakufikia. Acha kwanza nimalizane na mume wangu."

Kwa fundi bodi nyundo zilikuwa zinagonga. Baada ya muda wifi aliuliza, bila kumtazama, "Magari mengine umeyawekea mangapi?"

"Kumi na moja."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Yaandike." Akamngoja ayaandike kwenye karatasi ya kukatia mitindo, mwenye gari na mahali alipo, akaisoma, akamrudishia. "Nenda kaitoe mikanda hiyo. Yakiisha yote, njoo nyumbani." Akaukunja mkanda ndani ya mkoba wake, bado umefungwa, akaondoka.

Mama Viti alifunga banda wiki saba. Alianza na yule mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa mteja wa mkanda wake wa sita, na mwalimu akamkemea kama mtoto wa darasa la tatu, naye akatulia akakemewa. Mpiga picha mwenye gari la kubebea maharusi alimsihi azungumze chini, wateja wasisikie. Mmoja alicheka akasema mama, mbona wewe ndiye uliyetuhubiria? Gari la tisa lilikuwa limeuzwa mji mwingine, akapanda basi nusu ya siku na spana zake kwenye kikapu. Kila mahali alisema kwanza kabla ya kugusa kitu: "Kaka yangu nilimshonea mkanda kwa mikono hii. Aliufunga. Mkanda wangu haukumshika, na wako hautakushika." Gari lenye shimo la kiwandani alilihamishia bolti pale pale pagumu, na kama kiti kimekunjamana basi kimekunjamana. Lisilo na shimo aliliacha bila mkanda, kama sheria inavyoruhusu, akamwambia mwenyewe usimpakie mtoto humu, na usimwambie mtu yeyote kwamba humu mna mkanda. Wengine walimshukuru. Wengi hawakumpa kazi tena.

Siku alipomaliza la kumi na moja, alikwenda nyumba ya tano kabla hata ya kunawa. Wifi alifungua mlango mwenyewe. Picha ilikuwa ukutani, mahali pake pa zamani, Taratibu na kofia yake ya kazi, anataka kucheka. Mkanda ulikuwa juu ya kabati, umekunjwa vizuri, ulimi ndani ya kifungio. Wifi alimwonyesha kiti kinachoelekeana na picha, naye akakaa cha pembeni.

"Yameisha?"

"Yameisha."

"Sasa nakuuliza wewe, na unijibu kama ulivyo. Siku ile ulijua kwamba bati halitashika?"

"Sikujua. Sisi watu wa viti tunajua uzi. Nilidhani uzi ukishika basi imeshika."

"Lile shimo la kiwandani. Uliliona?"

Hapo angeweza kusema zulia lililifunika. Hakuna aliye hai ambaye angembishia. "Nililiona," akasema. "Kaka mwenyewe alinionyesha."

Wifi alifumba macho, akayafumbua. "Kwa nini hukulitumia?"

"Mkanda ungelalia ukingo wa kiti. Ungekikunja." Alijisikia akilisema jambo lile kwa sauti, mbele ya picha ile.

Wifi aliiangalia picha, mikono mapajani. Nje mtu alipita akisukuma baiskeli. Wifi alipozungumza ilikuwa kwa sauti ambayo Mama Viti hakuwa ameisikia tangu siku ya kwanza ya msiba.

"Kilikuwa kizuri kweli kile kiti," akasema. "Alikuwa anawaita majirani waje wakione." Akainama akalia, na Mama Viti hakujua kama anaruhusiwa kumshika, kwa hiyo alibaki pale alipo mpaka wifi mwenyewe aliponyoosha mkono.